Mpiga picha wa gazeti au wa studio: yupi awapigie picha za harusi?

Umeniandikia kwamba wewe na mchumba wako mmebakiwa na majina mawili ya wapiga picha na hamjui mchague lipi. Wa kwanza alifanya kazi gazetini kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika harusi, na katika maelezo yake anasema hapangi watu bali hufuata tukio linavyokwenda. Wa pili amekulia katika studio ya picha za watu, na anajinadi kwa sanaa, mwanga laini na mikao iliyopangwa kwa uangalifu. Malipo yao hayapishani sana, na kila mmoja amewaonyesha picha nzuri. Umeeleza pia kwamba sherehe yenu itaendelea ukumbini hadi usiku, na kwamba mchumba wako hukakamaa mara tu anapoona kamera imeelekezwa kwake. Unauliza historia ya mpiga picha ina uzito gani, mtindo wanaousema wote wawili utaonekanaje katika picha zenu, na kama inafaa kumpa mpiga picha orodha ya picha mnazozitaka.

Historia ina uzito, ila si kwa sababu wanazozitaja wao. Tuzo na idadi ya miaka ya kazi havitakuambia mengi. Cha kuangalia ni mazoea ambayo kazi ya kwanza ilimjengea mtu, kwa sababu harusi haitoi nafasi ya kutafakari: mambo hutokea mara moja, katika mwanga ambao mpiga picha hakuuchagua, mbele ya watu ambao hawakuja kwa ajili yake, na mtu asiye na muda wa kutafakari hufanya kile ambacho mikono yake imekizoea.

Aliyetoka gazetini amezoea kufika mahali asipopajua, kutafuta pa kusimama kabla tukio halijaanza, na kufanya kazi na mwanga uliopo hata ukiwa mbaya. Hamwombi mtu arudie alichokifanya, kwa kuwa katika habari kurudia ni udanganyifu. Mazoea hayo yana faida kubwa harusini, hasa pale mzazi anapojifuta chozi kwa nukta moja tu kisha akajikaza. Lakini gazeti hufundisha pia jambo lisiloifaa familia: mhariri hutaka picha moja. Mwandishi wa picha akirudi ofisini na picha moja yenye nguvu, siku yake imekuwa njema; familia inataka mamia ya picha zinazoshikana, ikiwemo ya shangazi ambaye siku nzima hakufanya lolote la kuvutia ila kuhudhuria. Wengi wa kundi hili huzichukulia picha za pamoja kama adhabu, wakazipiga haraka haraka, na matokeo yake ni ukoo mzima uliosimama kwenye jua kali, nusu yao wamefumba macho.

Wa studio ana nguvu mahali hapo hapo ambapo mwenzake ni dhaifu. Anajua kwamba kidevu kikishushwa kidogo na shingo ikisogezwa mbele uso hupata umbo, kwamba mkono usio na cha kushika huonekana mzito, kwamba mtu mrefu na mtu mfupi hawapaswi kusimamishwa bega kwa bega. Anaujua mwanga kwa sababu amekuwa akiutengeneza mwenyewe. Mtego wake ni kwamba amezoea kuwa mwenye amri. Akiona jambo zuri linatokea katika mwanga mbaya, hulisimamisha ili alihamishie penye mwanga mzuri, na likishahamishwa limekufa. Nimeona maharusi wakitolewa katikati ya mazungumzo na babu zao mara tatu kwa ajili ya pembe moja ya bustani. Picha zilipatikana na zilipendeza. Mazungumzo hayakupatikana tena.

Wapo pia waliotokea kwingine. Baadhi walianza kwa kuchora, na si ajabu: Henri Cartier-Bresson, Mfaransa ambaye jina lake hutajwa kila mara picha za papo kwa papo zinapozungumzwa, alisomea uchoraji kwa André Lhote mjini Paris kabla ya kuichukua kamera kwa dhati, na mpangilio wa picha zake ni wa mtu aliyefundishwa kuona mistari na nafasi kabla ya kuona tukio. Hata hivyo, kwa maoni yangu, maandalizi bora kuliko yote ni yale ambayo wapiga picha hawayatangazi kwa kuwa hayana fahari: miaka ya kuwa msaidizi wa mpiga picha mwingine wa harusi, kubeba mifuko, kushika flashi na kupiga picha kutoka pembe ambayo mkubwa wake hayupo. Anayepitia njia hiyo hujifunza kwamba ratiba ya harusi huchelewa, na kwamba anayelipia kuchelewa huko karibu kila mara ni muda wa picha. Waulizeni wote wawili kama wamewahi kuwa wasaidizi, na kwa muda gani.

Tofauti hii ya gazeti na studio haikuzuka juzi, na kuijua kutakusaidia kuelewa kwa nini wapiga picha hubishana juu yake kwa ukali. Kwa muda mrefu vifaa ndivyo vilivyoamua mtindo. Tarehe 25 Januari 1858, siku ya harusi ya binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza, bibi harusi alipigwa picha pamoja na wazazi wake kabla ya kwenda kanisani, na kwa kuwa bamba la picha la wakati huo lilidai mtu atulie kwa muda, malkia aliyekuwa akitetemeka kwa hisia akatoka na uso uliofifia. Kwa vifaa vya namna hiyo hakukuwa na suala la kufuata tukio. Maharusi waliifuata kamera studioni, wakasimama wima na kutulia.

Kamera nyepesi na balbu za flashi ziliwatoa wapiga picha studioni, lakini nidhamu ya studio ilibaki, na sababu yake ilikuwa ya kihesabu. Kamera za muundo wa kati, yaani zinazotumia filamu pana zaidi, kama Hasselblad zilizopendwa sana na wapiga picha wa harusi, zilitoa picha 12 za mraba katika mkunjo mmoja wa filamu. Mtu mwenye picha 12 mkononi hapigi kwa kubahatisha. Hupanga, hutazama, huhesabu, ndipo hubonyeza. Filamu ya milimita 35, yenye picha 36, ilikuwa ya watu wa magazeti, na ililegeza mambo kidogo. Kisha Septemba 1996 John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa zamani wa Marekani, alimwoa Carolyn Bessette katika kanisa dogo la mbao kwenye kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia nchini Marekani, na mpiga picha Denis Reggie akawanasa wakitoka mlangoni wakati giza likiingia, bwana harusi akiubusu mkono wa mkewe. Picha hiyo haikupangwa, na ilienea duniani kote. Reggie alikuwa akifanya kazi kwa namna hiyo tangu zamani, lakini baada ya hapo maharusi wengi walianza kuitaka kwa jina.

Kilichofuata kilikuwa kamera za kidijitali. Nikon D1 ya mwaka 1999, yenye megapikseli 2.7 tu, iliwaonyesha wataalamu kwamba filamu inaweza kuachwa, na katika miaka iliyofuata karibu wote waliiacha. Leo mpiga picha anaweza kurudi nyumbani na maelfu ya picha za siku moja. Watu husifu uhuru huo bila kutaja mzigo wake: uamuzi uliokuwa ukifanyika kabla ya kubonyeza sasa hufanyika baadaye, mezani. Uchaguzi wa picha umekuwa nusu ya ufundi, na mpiga picha anayewakabidhi kila alichokipiga, huku akiita jambo hilo ukarimu, amewaachia ninyi kazi yake.

Nije kwenye mtindo. Maharusi wengi wakisema wanaupenda mtindo wa fulani, wanamaanisha rangi: picha zake ni za kahawia yenye joto, au ni nyeupe na nyepesi kama zimepigwa asubuhi. Rangi ya namna hiyo hupakwa baadaye kwa programu, mara nyingi kwa mpangilio uliotayarishwa ambao mtu yeyote anaweza kuununua na kuuweka juu ya picha zote kwa dakika chache. Hupitwa na wakati upesi. Mtindo wenyewe unaanzia mbali zaidi ya hapo: mpiga picha husimama umbali gani na watu, hutumia mwanga upi, hubonyeza wakati gani, na huingilia tukio kwa kiasi gani.

Umbali ndio unaoonekana kwa urahisi kuliko vyote, hata kwa asiye mtaalamu. Anayetumia lenzi pana ya milimita 35 analazimika kuwa karibu, hatua mbili tatu kutoka kwa watu, na picha zake hujaa mazingira: unamwona bibi harusi, mkono wa dada yake unaofunga kitufe, na mtoto anayechungulia nyuma. Anayetumia lenzi ndefu ya milimita 200 husimama mbali, huutenga uso mmoja na kuifuta dunia iliyobaki kuwa ukungu laini. Njia ya pili hupendeza upesi na humficha mpiga picha, jambo ambalo linaweza kumfaa mchumba wako. Lakini albamu iliyojaa nyuso zilizotengwa haimwambii mtu harusi ilifanyika wapi wala nani alikuwa karibu na nani. Na iwapo utaona picha za pamoja ambamo watu wa pembeni wamepanuka kuliko walio katikati, ujue mpiga picha alitumia lenzi pana kwa sababu hakuwa na nafasi ya kurudi nyuma, au hakujisumbua kuitafuta.

Mwanga ndipo penye mambo mengi, na ndipo wapiga picha wazuri wanapoachana na wa kawaida. Jua la mchana liko juu ya kichwa, kwa hiyo soketi za macho hujaa kivuli na pua hutupa kivuli mdomoni. Mwenye uzoefu huwasogeza watu kwenye kivuli kilicho wazi, ambako anga lenyewe huwa chanzo kikubwa cha mwanga laini. Ndani ya nyumba huwaweka karibu na dirisha na kuzima taa za dari, kwa sababu taa hizo zina rangi nyingine na uso mmoja ukipata rangi mbili hakuna programu itakayousawazisha vizuri. Wa gazeti na wa studio wote wanayajua hayo. Wanakopishana ni ukumbini usiku, na kwa kuwa sherehe yenu itakuwa huko, nitakaa hapo kidogo.

Flashi iliyowekwa juu ya kamera na kuelekezwa moja kwa moja usoni hutoa sura bapa na kivuli kikali ukutani. Tena mwanga wake hupungua kwa kasi: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika hubaki robo. Ndiyo maana katika picha nyingi za ukumbini walio mbele huwa weupe kupita kiasi na walio nyuma wamemezwa na giza. Njia ya kwanza ya kuepuka hayo ni kuielekeza flashi kwenye dari ili mwanga urudi ukiwa umesambaa, lakini dari ikiwa juu sana au nyeusi hairudishi kitu, na ikiwa na rangi hurudisha rangi hiyo usoni. Njia ya pili ni kuweka flashi moja au mbili kwenye stendi pembeni mwa ukumbi, zikiwashwa kwa redio kutoka kwenye kamera. Njia ya tatu ni kuiacha flashi kabisa na kutegemea lenzi zenye tundu kubwa, zinazopitisha mwanga mwingi, na uwezo wa kamera za sasa wa kuona gizani. Aliyetoka gazetini huelekea ya tatu, wa studio huelekea ya pili, na zote zinaweza kuleta picha nzuri. Nisingemwajiri asiyekuwa na jibu, au anayejibu kwamba picha za ukumbini atazigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Nyeusi na nyeupe ni chaguo tukufu, lakini mara nyingi hutumika kama blanketi la kufunikia rangi zilizomshinda mtu.

Kuna pia taa za LED za jukwaani. Taa nyingi za umeme hupepesa mara 100 au 120 kwa sekunde kutegemea mfumo wa umeme wa nchi, jicho halioni, lakini kamera inayopiga kwa kasi kubwa huona, na zaidi ile inayotumia shata (kinachofungua na kufunga njia ya mwanga ndani ya kamera) ya kielektroniki isiyotoa sauti: picha hutokea na mistari ya mwanga na giza. Ukimuuliza mpiga picha hufanya nini akikutana nayo, na akajibu bila kusita kwamba hupunguza kasi ya shata au hurudi kwenye shata ya kawaida, unazungumza na mtu aliyefanya kazi sana katika kumbi.

Jambo jingine la mwanga linaihusu ngozi. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kinachoonekana, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Gauni jeupe likijaza picha, kamera hufikiri kuna mwanga mwingi na kuitia giza picha nzima, na uso mweusi ulio juu ya gauni hilo huzidi kuwa giza hadi macho yapotee. Suti nyeusi husababisha kinyume chake. Mpiga picha anayejua kazi hakiamini kipimo hicho. Hupima kwa uso, kisha huhakikisha kwamba nyuzi za gauni bado zinaonekana. Tatizo hili lina historia ndefu zaidi ya kamera za leo. Kuanzia miaka ya 1950 kampuni ya filamu ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kusawazishia rangi iliyoitwa Shirley, iliyokuwa na picha ya mwanamke mweupe, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha kutoka sawa. Wenye ngozi nyeusi walitoka wakiwa vivuli vyenye meno, na wafanyakazi wa zamani wa kampuni hiyo wamesimulia kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha filamu ulikuwa malalamiko ya watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao rangi za kahawia za bidhaa zao hazikutofautiana pichani. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kamera za sasa zina uwezo wa kutosha, kwa hiyo sura iliyopotea gizani leo haiwezi kusingiziwa kifaa. Nami nina shaka na mpiga picha ambaye huing'arisha ngozi ya kila mtu hadi bibi harusi asifanane na mama yake mzazi.

Kwa sababu hiyo hiyo ulizeni kama anapiga kwa faili za RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Faili la JPEG, ambalo ni picha ya kawaida iliyokwisha kuchakatwa, huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili la RAW la biti 14 lina nafasi ya ngazi 16,384. Tofauti hiyo haionekani picha ikiwa sahihi tangu mwanzo, lakini huokoa uso uliotoka na giza kidogo, na huokoa gauni lililokaribia kuungua kwa mwanga.

Sasa, mtayaonaje haya yote kabla ya siku yenyewe? Picha walizowaonyesha ni zile bora kutoka harusi nyingi, na kila mtu aliyepiga harusi nyingi ana picha 30 nzuri. Ombeni kila mmoja awaonyeshe picha zote alizokabidhi za harusi moja, tangu maandalizi hadi mwisho, iwe ya usiku na ukumbini kama yenu. Atahitaji ruhusa ya maharusi hao, na mwenye kazi nzuri huipata. Ruka kurasa za mwanzo. Nenda kwenye saa za mwisho, ambapo amechoka na mwanga umemwishia, ukaone kama ubora umeporomoka. Tazama picha za pamoja: macho ya watu, mstari wa vichwa, na vilivyo nyuma yao, maana nguzo inayochomoza kichwani mwa mtu ni alama ya mpiga picha asiyetazama pembe za picha yake. Tazama kama wazazi wamo kwa wingi, na kama wageni wa kawaida wamo. Kisha jiulize jambo moja ambalo halihitaji utaalamu: ukiwa humjui yeyote kati ya watu wale, je, umeelewa siku yao ilikwendaje?

Namna anavyojiandaa kwa harusi husema mengi kuliko hotuba yake kuhusu sanaa. Anayefaa atawauliza kuhusu ratiba, atataka kuuona ukumbi ikiwezekana saa ile ile mtakayoutumia, ataulizia masharti ya mahali pa ibada kuhusu flashi na mwendo wa mpiga picha. Atauliza pia, kwa adabu, mambo ya kifamilia yasiyopendeza kuulizwa: wazazi waliotengana, ndugu wasiosemezana, mpendwa aliyefariki karibuni. Atakuja na kamera mbili, na kila kamera iwe inaandika picha kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, kwa kuwa kadi huharibika bila taarifa. Baada ya sherehe atatengeneza nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikihifadhiwa nje ya nyumba au ofisi yake, kabla hajazifuta kadi. Hapa sina subira na mtu anayebabaika. Picha mbaya husameheka, picha zilizopotea hazina dawa.

Kuhusu uhariri, kanuni ninayoiheshimu ni kwamba kinachopita kiondolewe na kinachodumu kiachwe. Chunusi ya wiki hiyo ifutwe bila kuuliza. Kovu, alama ya kuzaliwa na mistari ya uso wa bibi visiguswe isipokuwa mwenyewe ameomba. Mkataba useme nani ana haki ya kuzitumia picha, kwa kuwa katika nchi nyingi hakimiliki hubaki kwa mpiga picha hata kama ninyi ndio mliolipa, na kama hamtaki nyuso zenu zitumike kutangaza biashara yake, hilo liandikwe kabla ya kutia sahihi. Liandikwe pia jina la atakayekuja. Baadhi ya wenye majina makubwa hupokea kazi kisha humtuma mtu mwingine.

Kati ya wawili hao, kwa maelezo uliyonipa, ningeegemea yule wa gazeti. Mtu anayekakamaa mbele ya kamera hasaidiwi na mikao iliyopangwa. Husaidiwa na kusahau kwamba kamera ipo, na huo ndio ufundi ambao mwandishi wa picha ameufanyia kazi maisha yake yote. Ukumbi wa usiku pia ni mazingira yake. Lakini naweka sharti. Awaonyeshe picha za pamoja za familia kutoka harusi mbili tofauti, na ziwe zimepangwa na mtu aliyezijali. Akisema yeye hapigi picha za namna hiyo, au akiwatazama kana kwamba mmemtukana, mchukueni wa studio bila majuto, kisha mkubaliane naye kwa maandishi kwamba mikao itapewa muda wake maalumu na sehemu iliyobaki ya siku haitasimamishwa. Njia rahisi ya kumpima yeyote kati yao ni kukutana naye awapige picha kwa saa moja kabla ya harusi, mahali popote. Mchumba wako akirudi akiwa amechangamka, suala limekwisha.

Limebaki la orodha. Msimpe picha za harusi za watu wengine mlizozikusanya na kumwambia azirudie. Picha hizo zilitokana na mwanga na watu wa siku nyingine. Atakayejaribu kuziiga atakuwa akitazama karatasi wakati mambo yenu yanampita. Kama kuna picha kadhaa zinazowavutia, zungumzeni naye mapema ni nini kinachowavutia ndani yake, basi. Lakini orodha ya makundi ya familia ni ya lazima, na hakuna awezaye kuiandika isipokuwa ninyi. Iandikwe kwa majina na uhusiano, ianze na kundi kubwa kisha lipunguzwe kwa watu kutoka badala ya wengine kuingia, na wazee na watoto wadogo wawemo katika makundi ya mwanzo ili waachwe wakapumzike. Kila kundi huchukua dakika mbili hadi nne mtu akiwa mwepesi, kwa hiyo makundi kumi ni karibu nusu saa, na makundi ishirini yatakula muda wa wageni wenu. Teueni mtu mmoja kutoka kila upande anayezijua sura za ndugu, mwenye sauti ya kusikika, awe anawaita kundi linalofuata wakati lililopo linapigwa. Orodha hiyo mpelekeeni wiki moja kabla, si asubuhi ya harusi, ili apate nafasi ya kuwauliza ni nani asisimamishwe karibu na nani.